Supamaketi ipi rahisi kwako? Namna ya kulinganisha bei, ubora na usumbufu

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Kati ya Naivas na Carrefour, wapi rahisi?" "Nimehamia Bamburi juzi, nikanunue wapi?" "Nimeoa mwezi jana, pesa ya chakula inaisha tarehe kumi na mbili, nakosea wapi?" Nimejibu kwa mdomo nikachoka, kwa hivyo sasa naandika.

Jibu fupi: hakuna supamaketi iliyo rahisi kwa watu wote. Iko iliyo rahisi kwa kapu lako, ukitokea nyumbani kwako. Anayesonga sima kila jioni na anayepika wali kila siku hawapewi jibu moja, wala mwenye gari na yule anayeshuka matatu Bombolulu na mifuko miwili mikononi. Halafu lugha yenyewe inatuchezea. Kwetu "rahisi" ni neno moja, kwa bei na kwa wepesi, na wengi wakisema duka fulani ni rahisi hawajatenganisha hayo mawili. Hapa tutayatenganisha, kisha tuyajumlishe.

Mfano wangu ni Mombasa kwa sababu ndiko ninakoishi. Bei zote nitakazotaja ni za kufundishia hesabu tu, usiende nazo dukani kugombana na mtu.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Risiti za mwezi mmoja. Kama huzitunzi, weka kopo jikoni leo na kila risiti iingie humo. Ile karatasi yake hufifia kwa joto, na joto hapa tunalo la kugawa, kwa hivyo zipige picha siku hiyo hiyo.
- Daftari, au lahajedwali kwenye simu. Daftari halimaliziki chaji.
- Kikokotoo cha simu.
- Mizani ndogo ya jikoni, ukiwa nayo. Si lazima, lakini itakufungua macho.
- Mfuko wako mwenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ukisahau wako utanunua mwingine kaunta. Mtu wa safari nne kwa mwezi anaweza kuwa na kabati zima la mifuko aliyolipia.
- Siku mbili tatu ndani ya wiki moja, na tumbo lililoshiba. Usiende kukagua bei na njaa.

Hatua ya 1: Andika kapu lako

Toa risiti zako, uandike vitu 15 hadi 20 vinavyojirudia. Mbele ya kila kimoja andika kiasi unachotumia kwa mwezi: unga wa mahindi pakiti 6, mchele kilo 8, mafuta lita 3, sukari kilo 4, maziwa pakiti 40, sabuni ya unga kilo 2, pampasi pakiti 2, na kadhalika. Andika unachonunua kweli, si unachotamani ungekuwa unanunua. Kama risiti zinasema biskuti na soda, biskuti na soda ziingie. Daftari halisengenyi.

Kosa kubwa la hatua hii ni kulinganisha vitu vitatu tu: unga, sukari na mafuta. Bei za hivyo kila mtu anazo kichwani, na duka linajua kwamba unazo. Hapo ndipo linaposhusha bei, wakati mwingine likiuza karibu na bei lililonunulia, ili ukitoka useme "pale ni rahisi". Faida yake linaitafuta kwenye vitu ambavyo huna bei yake kichwani: sifongo la kuoshea vyombo, viungo vya pilau vya pakiti, dawa ya mende, karatasi za chooni, vitafunio vya watoto. Kwa hivyo angalau nusu ya orodha yako iwe vitu vya aina hiyo ya pili. Ukilinganisha unga peke yake, utakuwa umelinganisha mabango.

Hatua ya 2: Chagua maduka matatu

Si saba. Matatu yanatosha: lile unalokwenda siku zote, moja kubwa linaloshindana nalo, na moja dogo la mtaani au la jumla. Mombasa majina makubwa utakayokutana nayo ni Naivas, Quickmart, Carrefour na Chandarana Foodplus. Ongeza na supamaketi ndogo iliyo karibu nawe, ambayo watu huidharau kwa sababu haina kiyoyozi.

Kwa mboga na matunda, weka soko kama duka la nne: Kongowea ukiwa upande wa Nyali na Kisauni, Marikiti ukiwa kisiwani. Usiiache safu hiyo. Mara nyingi ndiyo inayoamua mambo.

Ukiwa bado unachagua, angalia rafu. Waliokuwa mjini wanaikumbuka supamaketi ya Nakumatt ya City Mall, Nyali, ambapo leo pana Carrefour. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilianza kuwa tupu nchi nzima, kwa sababu wasambazaji walikuwa hawajalipwa na waliacha kuleta mali. Dalili huwa ile ile: rafu ndefu imejazwa chapa moja ya maji ya kunywa iliyotandazwa ionekane nyingi, na ukiuliza chapa yako unaambiwa "inakuja kesho" wiki ya tatu. Ukiona hivyo, tumia pointi zako zote za kadi mapema, na usipokee vocha ya zawadi ya duka hilo.

Hatua ya 3: Kagua yote ndani ya wiki moja

Bei za Januari za duka moja na za Machi za jingine si ulinganisho. Nenda ndani ya siku saba. Kama unaweza, epuka siku za mshahara, tarehe 28 hadi 5, kwa sababu ofa hujaa na foleni pia, na utapata picha isiyo ya kawaida.

Kwa kila kitu andika mambo manne: bei ya rafuni, uzito au ujazo, chapa, na kama bei hiyo ni ya ofa. Ya ofa iwekee nyota. Mwisho wake umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kikaratasi cha rafu au kwenye kipeperushi cha mlangoni. Usiichanganye na bei ya kawaida, la sivyo utahamia duka kwa sababu ya wiki mbili za punguzo.

Baadhi ya maduka hayapendi mtu apige picha rafu. Mlinzi akikuuliza, usibishane naye, yuko kazini. Mwambie "naandika orodha ya nyumbani", utoe daftari. Mimi sijawahi kufukuzwa na daftari.

Hatua ya 4: Geuza kila bei iwe bei ya kipimo kimoja

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote, hii usiiruke.

Gawanya bei kwa uzito au ujazo. Kwa vitu vikubwa pata bei ya kilo moja au lita moja. Kwa vidogo, gawanya kisha zidisha kwa 100 upate bei ya gramu 100 au mililita 100. Mfano: mafuta ya lita 3 kwa shilingi 930 ni 310 kwa lita. Dumu la lita 5 la chapa hiyo hiyo kwa 1,590 ni 318 kwa lita. Kubwa limekuwa ghali, na watu wanalibeba kwa furaha wakiamini wameokoa. Si kila mara huwa hivyo, ndiyo maana unapiga hesabu badala ya kuamini.

Maziwa ndiyo yenye mtego mzuri zaidi. Pakiti ya mililita 500 na ya 450 zimesimama bega kwa bega, zinafanana kama mapacha. Ya 500 ni shilingi 60, yaani 12 kwa kila mililita 100. Ya 450 ni 56. Mkono unaikimbilia ya 56, lakini hiyo ni 12.44 kwa mililita 100. Kwa pakiti 40 za mwezi, umenunua maziwa pungufu kwa bei ya juu. Mkate pia: upo wa gramu 400, wa 600 na wa 800, na macho hayapimi gramu.

Vitu vingine vinataka ujanja wake:

- Karatasi za chooni: usihesabu roli. Roli moja inaweza kuwa nene na nyingine imejaa hewa. Pima pakiti nzima kwa mizani ya nyumbani, gawanya bei kwa gramu.
- Maharagwe au samaki wa kopo: tafuta uzito baada ya kuchuja maji. Hayo maji hukuyafuata.
- Pampasi: bei kwa moja, si kwa pakiti. Idadi hubadilika kwa saizi, na pia hubadilika kimyakimya kutoka msimu hadi msimu.
- "Nunua mbili upate moja": gawanya bei ya mbili kwa tatu, kisha jiulize kama hizo tatu utazimaliza kabla hazijaharibika. Mitindi mitatu kwa mtu anayeishi peke yake ni mtindi mmoja na hasara mbili.

Hatua ya 5: Pima ubora pale tu unapotofautiana

Sabuni ya chapa moja ni ile ile ukiinunua Nyali au Likoni. Usipoteze nguvu kuipa alama. Ubora hutofautiana kwenye vitu vinne: mboga na matunda, nyama na samaki, vyakula vinavyookwa na kupikwa dukani, na bidhaa zenye jina la duka lenyewe.

Kwa mboga, fanya jaribio hili. Nunua nusu kilo ya nyanya kila duka siku moja, uziweke meza moja bila friji, na uandike siku ya kwanza iliyooza. Nyanya ya bei ya chini inayooza siku ya pili inaweza kukugharimu kuliko ya bei ya juu inayofika siku ya sita. Hapo ndipo soko la Kongowea huwa linazipa supamaketi aibu, ingawa ukienda jioni jua limeshazipiga, hesabu inageuka.

Kwa nyama, pima kabla na baada ya kutoa mafuta na mifupa. Kwa samaki wa barafu, shika pakiti: ikiwa ndani kuna theluji nyingi na vipande vimegandana kuwa jiwe moja, kuna uwezekano viliyeyuka vikagandishwa tena. Katika mji huu ambapo umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu kila kitu kinatoa jasho, hilo si jambo dogo. Uliza pia kama duka lina jenereta ya kuendesha majokofu, si taa tu.

Mchele upike. Kikombe kimoja cha kila aina, maji yale yale, sufuria ile ile. Jina "pishori" kwenye pakiti halithibitishi kitu, kwa sababu mchele wa pishori wa Mwea huchanganywa na mwingine. Pua na meno yako vitakwambia.

Unga usiununue kwa bei peke yake. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), na baadhi zilikuwa chapa za majumbani kabisa. Angalia alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, urudishiwe jina la bidhaa na mwenye kibali. Majibu yasipofanana na pakiti, irudishe rafuni.

Kwa bidhaa zenye jina la duka, jaribu moja tu kila mwezi. Usihamishe kapu lote kwa mpigo. Chumvi na sukari za jina la duka mimi sioni tofauti. Majani ya chai naiona, na nyumbani kwangu waliiona kabla yangu.

Hatua ya 6: Upe usumbufu bei

Sasa tunaingia kwenye "rahisi" ya pili. Andika kwa kila duka: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na mzigo (si ile ile, kwa sababu na mzigo huingii matatu kirahisi, unachukua tuktuk), ada ya maegesho kama una gari, dakika za njiani, na dakika za foleni. Foleni ipime kweli, mara moja siku ya kazi na mara moja Jumamosi jioni.

Anayeishi Likoni ana hesabu yake ya pekee. Feri ya kuvukia kisiwani kwa mtembea kwa miguu ni bure, kwa hivyo kwenye daftari inaonekana sifuri. Lakini jaribu kuvuka saa kumi na moja jioni na kilo kumi za unga begani, huku umati unakusukuma. Hiyo si sifuri. Mimi humwambia mtu wa Likoni aandike duka la ng'ambo kwa mchana tu, au anunue upande wake.

Malipo nayo yatazame. Ukilipia kwa M-Pesa kwenye namba ya till, yaani namba ya malipo ya duka, mteja hakatwi ada. Ukielekezwa utume kwa njia nyingine, uliza kwanza.

Kadi ya pointi igeuze kuwa asilimia. Ukitumia 10,000 na kupata pointi za shilingi 100, hilo ni punguzo la asilimia 1, basi. Si sababu ya kupita maduka mawili yenye bei nzuri.

Hatua ya 7: Jumlisha

Zidisha bei ya kipimo kwa kiasi cha mwezi, kila kitu, kila duka, kisha ujumlishe. Tuseme kapu lako kwa mwezi ni 9,480 duka la kwanza, unalofika kwa miguu, na 9,120 duka la pili, lililo mbali. La pili limeshinda kwa 360. Sasa weka nauli: matatu ya kwenda 50, tuktuk ya kurudi 250, jumla 300 kwa safari. Ukienda mara moja kwa mwezi, umebaki na faida ya shilingi 60 na saa moja na nusu iliyopotea. Ukienda kila wiki, umetumia 1,200 ili uokoe 360.

Watu wengi hukasirika hapa. Wamekuwa wakipita duka la jirani kwa miaka.

Kabla hujaamua, angalia vitu kimoja kimoja. Mara nyingi tofauti yote ya 360 imetoka kwenye vitu viwili vitatu, labda pampasi na sabuni ya unga. Hivyo haviozi. Vifuate duka la mbali mara moja kwa miezi miwili, ununue vya kutosha, na vingine vyote chukua jirani. Mboga sokoni. Maziwa na mkate kibandani, hata kama kila pakiti imezidi shilingi tatu, kwa sababu anayeingia supamaketi kufuata maziwa hatoki na maziwa tu.

Mambo yakikwama

*Bei ya keshia imezidi ya rafu.* Hili limenipata. Duka moja, sitalitaja, rafu ilisema 189, risiti ikasema 215, na nilikuwa nimeshafika nyumbani. Tangu siku hiyo nasimama pembeni ya kaunta nikisoma risiti kabla ya kutoka, hata nyuma wakinung'unika. Ukiona tofauti, mwite msimamizi mwende naye hadi rafuni. Usimgombeze keshia, bei haingizi yeye. Bei ya rafuni huwa tayari ina VAT ya asilimia 16 kwa bidhaa zinazotozwa, kwa hivyo jibu la "hiyo ni kodi" usilikubali. Wakikataa kabisa na mchezo ukijirudia, una risiti na haki: kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

*Chapa yangu haipo duka la pili.* Linganisha na chapa ya daraja lile lile, uiandike pembeni. Ikikosekana vitu zaidi ya vinne kati ya ishirini, hilo duka si la kapu lako, hata likiwa na bei nzuri.

*Uzito wa nyama haulingani na mizani yangu.* Kwanza hakiki mizani yako: pakiti ya sukari ya kilo moja isiyofunguliwa itakupa mwanga. Ikiwa yako ni sawa, rudi na nyama na risiti mapema. Mizani za biashara hukaguliwa na kupigwa mhuri na maafisa wa vipimo, na kuuliza mhuri si utovu wa adabu.

*Bei za kwenye simu si zile za dukani.* Mara nyingi hazifanani. Ukiagiza kwa programu ya wasafirishaji, kuna ada ya kuletewa na bidhaa zenyewe zinaweza kuwa zimepandishwa. Programu hiyo ifanye kuwa duka la peke yake kwenye daftari.

*Nimefanya yote, pesa bado inaisha tarehe kumi na mbili.* Basi tatizo si duka. Chukua zile risiti, upigie mstari kila kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha ulipotoka nyumbani, ujumlishe mistari hiyo.

*Bei zimebadilika tangu nilipokagua.* Zitabadilika. Huna haja ya kurudia kapu zima. Chagua vitu vitano vinavyokula pesa nyingi zaidi kwako, uvikague kila baada ya miezi mitatu. Vikiwa bado vimekaa kwa mpangilio ule ule, endelea ulipo. Vikigeuka vitatu au zaidi, rudi hatua ya 3.